Warumi 13 ni ya wananchi peke yao? Mbona inasomwa tu baada ya maandamano

Kijana_wa_Githurai

Habari zenu wote humu. Niko na swali na naomba tujibizane kwa heshima, maana najua hapa dini na siasa zikikutana tu watu wanaanza kuitana mbwa.

Ni hivi. Tangu ile Juni 2024 ya maandamano ya Finance Bill, ule mswada wa kodi, nimesikia Warumi 13 mara nyingi kuliko Yohana 3:16. Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 25, ile siku vijana waliingia bunge, pasta wetu alipanda madhabahuni akasoma "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu", akafunga Biblia, akaanza kutuchapa, eti kizazi kimeasi, eti simu zimeharibu watoto, eti wazazi watajibu mbele za Mungu. Na kwenye viti hapo kulikuwa na mama ambaye kijana wake alikuwa wodini na risasi ya mguu. Hakuombewa. KNCHR, tume ya haki za binadamu, ilikuwa inahesabu maiti, kufika tarehe 1 Julai walikuwa wamesema watu 39, na sisi tunaambiwa habari ya simu.

Mimi si mtu wa fujo na sijaacha kusali, lakini kuna kitu hakiniingii. Serikali ikipuuza amri ya korti sijawahi kusikia hio Warumi 13. Watu wakibebwa usiku na magari hayana namba, sijaisikia. Inasomwa tu mwananchi akiinua sauti. Na wiki chache baadaye mheshimiwa fulani alikuja akakaa kile kiti cha mbele, akapewa maiki, akaacha bahasha, tukapiga makofi.

Swali langu: hio aya kweli inasema tunyamaze? Na kanisa la Kenya limekuwa hivi siku zote ama kuna mahali liligeuka? Kama kuna mtu amesoma theolojia anisaidie, na kama umesoma ya mtaani pia karibu.

Nyumbu_wa_Mara

Warumi 13 iko na aya 14, pasta wako alisoma moja na nusu.

Mwalimu_wa_Dini

Kaka swali lako ni zuri sana na lina jina, watu wanaliita theolojia ya siasa, yaani kuuliza madaraka yanapata wapi uhalali wake mbele za Mungu na Mungu anatumiwaje na wenye madaraka. Hilo jina lilipata umaarufu na Mjerumani mmoja mwanasheria, Carl Schmitt, mwaka 1922, alisema dhana kubwa za dola ya kisasa ni dhana za dini zilizovuliwa kanzu. Mwaka 1933 huyo huyo akajiunga na chama cha Hitler, kwa hivyo msome ukiwa umeamka.

Sasa turudi kwa Paulo. Anaandika karibu mwaka 57, Kaisari ni Nero, na anaandikia watu wachache wasio na kura, wasio na mbunge, wasio na chochote. Miaka michache nyuma Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Rumi na Klaudio, soma Matendo 18:2 utaona Akila na Prisila walifika Korintho kwa sababu hio. Sasa wengine wamerudi, wanaishi roho mkononi. Na hapa ndio pananifurahisha kila nikifundisha: ukienda aya ya 6 na ya 7 Paulo anaongea habari ya KODI. "Mtu wa kodi, kodi, mtu wa ushuru, ushuru." Mwanahistoria Mrumi, Tacitus, anatuambia mwaka 58 watu walikuwa wamelalamika sana juu ya watoza ushuru mpaka Nero akafikiria kufuta ushuru wote, washauri wake wakamzuia. Kwa hivyo Rumi yenyewe ilikuwa na Finance Bill yake wakati ule. Paulo anaambia kanisa changa lisijiingize kwa hio moto likaangamizwa. Ni ushauri wa mchungaji kwa kundi dogo lililo hatarini. Ukiuchukua ukaufanya sheria ya milele ya kila raia wa kila nchi, umembebesha Paulo mzigo si wake.

Halafu aya ya 4, ambayo pasta wako aliiruka, inasema mtawala ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Hapo kuna maelezo ya kazi. Askari anayelenga mtoto kichwa hafanyi kazi iliyo kwenye hio aya. Na Paulo mwenyewe, mapokeo ya kanisa yanasema, aliuawa Rumi na serikali hio hio ya Nero. Petro na mitume nao wakiletwa mbele ya baraza walisema "imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", Matendo 5:29, na hio aya siku ya Jumapili huwa inasahaulika.

Lakini kaka hio aya si sisi wa kwanza kupigwa nayo. Ujerumani ya miaka ya 30 ilihubiriwa hivyo hivyo, ndio maana mwaka 1934 wanatheolojia akina Karl Barth wakakutana Barmen wakasema hakuna Führer aliye bwana juu ya kanisa. Na Afrika Kusini ndio ilikuwa chuo kikuu cha Warumi 13. Mwaka 1985, hali ya hatari imetangazwa Julai, wanajeshi wako mitaani, kikundi cha wanatheolojia kule Soweto wakatoa Hati ya Kairos mwezi Septemba, watu zaidi ya 150 wakatia sahihi, kina Frank Chikane na padre Albert Nolan wakiwa ndani. Waliigawa theolojia ya wakati wao mara tatu na mimi naona huo mgawanyo unafaa Kenya hii ya leo kuliko vitabu vingi.

Kwanza theolojia ya dola. Hii inachukua Warumi 13, inaongeza "sheria na utulivu", halafu yeyote anayelalamika anaitwa mkomunisti. Huku kwetu anaitwa mhaini ama amelipwa na wazungu. Tatu, naruka ya pili kwanza, ni theolojia ya kinabii, inayosema wazi nani anaonewa na nani anaonea na kanisa lisimame wapi.

Ya pili ndio ilinishtua nilipoisoma mara ya kwanza. Wanaiita theolojia ya kanisa. Hii haimpendi mtawala dhalimu, inamkemea kidogo, kwa upole, halafu inasema tupatane, tusameheane, pande zote mbili ziweke silaha chini, tuombe amani. Kina Kairos wakauliza: pande zote mbili zipi? Mmoja ana bunduki na mwingine ana jiwe. Upatanisho ambao haujataja kosa ni kumwambia aliyeumia avumilie tena. Yeremia alishalisema hilo, "wakisema, Amani, amani, wala hapana amani", 6:14.

Maoni yangu ni kwamba wachungaji wa theolojia ya dola kwetu ni wachache, tunawajua kwa majina na kwa magari. Wengi wa wachungaji wetu ni wa ile ya pili. Pasta wako pengine si kibaraka wa mtu, ni mtu anayeogopa na amesoma aya moja inayompa ruhusa ya kuogopa.

Nyumbu_wa_Mara

"kwa majina na kwa magari" 😂😂 mwalimu utashikwa

Mzee_Kaptembwa

Nimesoma nikaona niseme kitu kwa huyu kijana aliyeuliza kanisa liligeuka wapi.

Mimi nilipiga kura ya mlolongo mwaka 1988. Wewe hujui hiyo, unasimama nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, chifu anaangalia nani amesimama wapi, na mtu akipata zaidi ya asilimia 70 anapita moja kwa moja bila kura ya siri. Na tuliona kwa macho mlolongo mrefu ukitangazwa kuwa mfupi. Nani alisema? Magazeti yalikuwa yanaogopa, bunge lilikuwa la chama kimoja, chuo kikuu kilikuwa kimefungwa mdomo. Ni maaskofu. NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, ilianza kupinga mlolongo tangu 1986. Gazeti lao la Beyond liliandika juu ya uchaguzi huo likapigwa marufuku.

David Gitari, askofu wa Anglikana, alihubiri juu ya hayo mambo kwa Biblia mkononi, aya kwa aya, na mwezi wa nne 1989 watu wakavamia nyumba yake usiku, akaponea juu ya paa. Henry Okullu, askofu wa Maseno South, alisema wazi nchi inataka vyama vingi. Mchungaji Timothy Njoya wa Presbyterian, tarehe 1 Januari 1990, Ulaya Mashariki inaanguka, akahubiri mwaka mpya akauliza kama hata huku kwetu chama kimoja kitadumu, na serikali nzima ikamrukia. Huyo Njoya hata wakubwa wa kanisa lake walimchoka na kumwadhibu mara kadhaa, tusijidanganye kwamba kanisa zima lilikuwa nyuma yake. Na kulikuwa na makanisa mengine yaliyokaa upande wa Rais Moi kabisa, AIC alikokuwa anasali yeye ilijitoa NCCK kwa sababu ya maneno hayo hayo ya mlolongo.

Halafu Alexander Muge, askofu wa Eldoret. Mwezi wa nane 1990 waziri wa kazi wakati huo, Peter Okondo, akamwambia hadharani yeye na Okullu wakithubutu kukanyaga Busia hawatatoka hai. Muge akaenda. Akahubiri. Akarudi, tarehe 14, gari lake likagongana na lori njiani akafa. Waziri akajiuzulu. Mimi sitasema zaidi ya hapo, kila Mkenya wa umri wangu ana lake moyoni.

Saba Saba ya 1997, maandamano ya tarehe 7 Julai, polisi waliingia ndani ya All Saints Cathedral, ndani ya kanisa, na gesi na rungu, na Njoya akapigwa siku hiyo. Hapo hakukuwa na Warumi 13.

Sasa liligeuka wapi. Kwa mtazamo wangu ni 2002. Moi alipoondoka, wale waliokuwa wakipigwa pamoja na maaskofu wakaingia ikulu, na mtu akishakunywa chai na mtawala hamwoni tena kama mtawala, anamwona kama mshirika wa zamani. Kanisa likafikiri kazi imeisha. Mwaka 2010 wakati wa katiba mpya viongozi wengi wa makanisa wakapiga kampeni ya LA, wakisema mahakama ya Kadhi na kipengele cha kutoa mimba, na wakashindwa, theluthi mbili ya nchi ikasema NDIO. Njoya alikuwa upande wa NDIO. Na kiongozi wa LA alikuwa nani? William Ruto, huyo huyo rais ambaye leo tunaongea habari yake. Urafiki wa madhabahu na yeye haukuanza juzi.

Shemasi_Mstaafu

Naheshimu waliotangulia lakini nikubalieni nipinge kidogo maana hapa naona wote mnaimba wimbo mmoja.

Mzee umeruka mwaka mmoja mkubwa sana. Kutoka 2002 ukaenda 2010. 2007 je, ule uchaguzi na damu iliyofuata? Mimi nilikuwa Bonde la Ufa. Manabii walikuwa wengi sana 2007, kila kabila lilikuwa na nabii wake, huyu anaota Mungu amemchagua yule, yule naye anapaka mafuta huyu. Wote walidhani wanasema ukweli mbele ya mamlaka. Tarehe 1 Januari 2008 watu wakachomwa wakiwa wamejificha ndani ya kanisa Kiambaa, kina mama na watoto, na waliowachoma na waliochomwa wote walikuwa Wakristo wa Jumapili. Februari hio hio NCCK ikatoka ikaomba msamaha, ikakiri viongozi wa kanisa waliegemea upande ndio maana wakashindwa kusaidia nchi.

Sasa mwalimu anatuambia theolojia ya kinabii ni kusema wazi nani anaonea na nani anaonewa. Sawa. Nani anaamua? Katika nchi hii kila mtu anajiona ndiye anayeonewa. Ndio maana mchungaji mwenye busara anaogopa, na si uoga wa bahasha, ni uoga wa kuona waumini wake wakikatana. Afrika Kusini kulikuwa na weusi na weupe, mambo yalikuwa wazi. Sisi hapa benchi moja la kanisa lina waliompigia kura huyu na waliompigia yule.

Na jambo lingine, enzi za Muge hakukuwa na sauti nyingine yoyote. Leo mna simu, mna X, mna TikTok, mna mawakili, mna korti inayofuta sheria za serikali kila mwezi. Kwani lazima askofu awe msemaji wa kila kitu? Kanisa lina kazi yake, kuzika, kufariji, kulea. Tarehe 25 Juni sehemu ya bunge ilichomwa jamani, na maduka ya watu yakavunjwa. Kusema hivyo si kuwa kibaraka.

Kijana_wa_Githurai

Shemasi asante kwa kusema kwa heshima. Lakini yule mama bado hakuombewa. Kuzika, kufariji na kulea umesema mwenyewe ndio kazi, sasa kwetu hata hio haikufanywa.

Bint_Kisauni

Assalaam alaykum, mimi si wa huko kwenu lakini nimecheka manake mnavyozungumza ni kama mko msikitini kwetu. Sisi Warumi 13 yetu ni Suratun-Nisaa aya ya 59, "mtiini Mwenyezi Mungu, na mtiini Mtume na wenye madaraka katika nyinyi". Khatibu akiwa na mgeni wa serikali safu ya mbele utaisikia hapo tu, anakata. Lakini aya yaendelea yakhe! Yasema mkizozana katika jambo lolote lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Yaani Qur'an yenyewe imekubali kwamba kutazuka mzozo kati ya wenye madaraka na watu, na imesema mzozo usirudishwe kwa mwenye madaraka akaamua kesi yake mwenyewe.

Sayyidna Abubakar siku aliyopewa ukhalifa alisimama akawaambia watu, nitiini madamu namtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, nikiasi basi hamna lazima ya kunitii. Hiyo ndiyo hotuba ya kuapishwa. Na hadithi ya jihadi bora kuwa ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kila mtoto wa madrasa aijua.

Ila nami niwe muadilifu kama Shemasi, wanazuoni wetu wengi wa zamani waliogopa fitina kuliko dhulma, kuna ule msemo anaounukuu Ibn Taymiyya kwamba miaka 60 ya mtawala dhalimu ni bora kuliko usiku mmoja bila mtawala. Mtu aliyeona mji ukiangamia hawezi kuudharau huo msemo. Lakini angalieni ni nani anayependa kuunukuu. Hamtamsikia nao mtu aliyepotelewa na mwanawe.

Na sisi wa Pwani tuna neno na nyinyi watu wa bara. Mwaka 1992 vyama vingi vimeruhusiwa, IPK, chama cha Waislamu, ikanyimwa usajili, wakaambiwa chama cha siasa hakiwezi kusimama juu ya dini, Mombasa ikawaka. Sawa, ndio sheria. Lakini tangu hapo nimeona kampeni zikifanyiwa madhabahuni, marais wakipakwa mafuta, ikulu ikijaa maombi, na hakuna aliyesema hiyo ni dini ndani ya siasa. Ikiwa yetu ni siasa kali, yenu mwaiitaje?

Mzee_Kaptembwa

Binti hapo umetupata. Sina jibu.

Hesabu_Kwanza

Nyinyi wote mnaongea aya mimi naongea pesa, kwa sababu bila pesa hii mada haieleweki.

Tarehe 5 Julai 2024, moto bado unawaka, rais mwenyewe alitangaza maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Novemba tarehe 14 maaskofu Wakatoliki wakatoa taarifa kali, wakataja utamaduni wa uongo, kodi, utekaji. Siku tatu baadaye, Jumapili ya tarehe 17, rais yuko Kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi, anatoa laki sita kwa kwaya na watoto, milioni mbili za nyumba ya padre, na ahadi ya milioni tatu zingine na basi. Tarehe 18 Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudishwe, zote milioni 2.6, na hio ahadi na basi havitakiwi.

Mimi nilisoma hio barua nikasimama. Kwa sababu Warumi 13 unaweza kubishana mpaka asubuhi, lakini kurudisha pesa hakuna tafsiri mbili. Na Wakatoliki si wa kwanza, Anglikana Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumsimika Rose Okeno, askofu wao wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi, Askofu Mkuu Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maiki wakiwa wamekaa pale pale mbele, wakubwa kabisa, wakasalimiwa wakakaa.

Sasa linganisha na Machi 2025. Kanisa moja Roysambu limeahidiwa na rais milioni 20. Vijana wakaenda kuandamana hapo Jumapili iliyofuata, gesi ikarushwa, barabara ikafungwa. Julai tukasikia kanisa la kukaa watu 8,000 linajengwa ndani ya ikulu, ukiuliza unaambiwa ni pesa za rais mwenyewe. Ikulu ni ya nani?

Shemasi unauliza nani ataamua anayeonea ni nani. Anza na rahisi: asiamue mtu aliyelipwa. Ukishapokea, hata ukihubiri Warumi 13 kwa moyo safi kabisa hatuwezi kujua kama ni wewe unaongea ama ni mabati uliyopewa.

Nyumbu_wa_Mara

mabati yanahubiri 😭 hii uzi imenimaliza

Mtu_wa_Musoma

Wakuu mimi ni wa upande wa pili wa mpaka, naomba nichangie kidogo kwa mleta mada.

Huku kwetu tuna usemi wa viongozi, "msichanganye dini na siasa". Unasikika pale tu dini inapokosoa. Ikiwa ni dua ya kumwombea kiongozi apate ushindi, hapo mchanganyiko unaruhusiwa kabisa. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe wa Kwaresima wakizungumzia uhuru wa watu kukutana na kusema, na KKKT, yaani Walutheri, nao wakatoa waraka wa Pasaka. Baadaye KKKT wakaandikiwa barua na ofisi ya serikali inayosajili jumuiya wautengue waraka wao, kelele zikawa kubwa mpaka waziri akatoka akasema ile barua ni batili. 2023 tena ikaja ya bandari na DP World, kampuni ya Dubai, maaskofu Wakatoliki wakapinga mkataba, na wapo waliowaambia warudi altareni.

Kinachonishangaza ni kwamba tunalisahau neno la Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1970 Nyerere alikwenda Marekani kuzungumza na masista wa Maryknoll, wale waliofanya kazi sana huku kwetu Mara, akawaambia kwamba kanisa lisiposhiriki kwenye kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakosa maana kwa watu, na dini itabaki kuwa mambo ya ushirikina wa waoga. Huyo alikuwa RAIS anasema hivyo, na si mpinzani. Na jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Tunataka awe mtakatifu ila maneno yake yakae kimya. Na nisimpambe kupita kiasi, chini yake vyama vingine vilifungwa na watu walihamishwa vijijini kwa nguvu, kwa hiyo theolojia nzuri haizuii mtawala kuwa mtawala.

Mwalimu_wa_Dini

Shemasi, hoja yako ya 2007 ndio nzito kuliko zote humu na sitaki ipite hivi hivi. Ni kweli, nabii wa kabila ni hatari kuliko pasta mwoga. Lakini angalia walichokuwa wanasema wale manabii wa 2007. Walikuwa wanasema NANI atawale. Gitari na Muge hawakuhubiri fulani awe rais, walihubiri kura isiibiwe, shamba la mtu lisinyakuliwe, mtu asiuawe. Kigezo changu ni hicho, kanisa likianza kutaja jina la mgombea limeshatoka kwa Biblia limeingia kwa mkutano wa hadhara, lakini likisema risasi isipigwe mgongoni mwa mtoto halihitaji kujua mtoto ni wa chama gani wala kabila gani. Na tuseme ukweli, 2024 ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu waandamanaji hawakuwa wa kabila moja. Ile hofu yako ya benchi moja la kanisa kukatana, hao vijana walikuwa tayari wamekaa benchi moja.

Halafu kuna kitu huwa nawaambia wanafunzi wa kidato cha nne wakifika Warumi 13. Paulo anasema tutii "mamlaka iliyo kuu". Haya, Kenya mamlaka iliyo kuu ni ipi? Fungua Katiba, kifungu cha 1: mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, rais na bunge wameazimwa tu. Kifungu cha 37 kinaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Hio Katiba utangulizi wake unaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu, tuliipitisha wenyewe tarehe 4 Agosti 2010. Kwa hivyo ukiisoma hio aya kwa uaminifu katika nchi hii, anayevunja Warumi 13 ni afisa anayepuuza amri ya korti, ni anayeteka raia. Kijana aliyebeba bendera na chupa ya maji anatii. Aliyechoma na kuiba, huyo hapana, hapo tuko pamoja na wewe.

Shemasi_Mstaafu

Hilo la jina la mgombea nalikubali, na la Katiba nitalitafakari, naona Paulo hangelifikiria lakini si ubaya.

Basi nawauliza la kiutendaji maana nimo kwenye baraza la parokia na tunakaa mwezi ujao. Nataka nipendekeze mwanasiasa asipewe maiki ndani ya ibada na mchango wake ukija uandikwe kwenye daftari kama wa mtu yeyote, ubandikwe ubaoni kiasi na jina. Padre ameonyesha dalili ya kukubali. Swali ni matanga. Huku kwetu mheshimiwa hakosi matanga, na hapo ndipo siasa inapigwa hasa, hata kuliko kanisani. Tukimnyima maiki kanisani tukampa makaburini si tumehamisha tu mkutano?

Hesabu_Kwanza

Kuandika kiasi na jina ubaoni peke yake kutapunguza wageni nusu, utaona. Ila usiweke jina na kiasi cha muumini wa kawaida, mama wa shilingi hamsini ataona aibu. Weka ya kuanzia elfu kumi kwenda juu.

Mzee_Kaptembwa

Matanga gawanya mara mbili, ndivyo tulivyofanya kwetu na imeshika mpaka sasa. Ibada yote kuanzia wimbo wa kwanza mpaka udongo ni ya kanisa, hapo anaongea padre na mtu mmoja wa familia, basi. Salamu za wageni zinakuwa nyumbani kabla jeneza halijatoka, zinaendeshwa na ukoo, mzee wa kijiji anashika saa. Mara ya kwanza mheshimiwa mmoja alikasirika akaondoka kabla ya chakula. Ya pili alikuja mapema akaongea dakika tatu. Ila mkubaliane na padre kabla hajafiwa mtu mkubwa, kwa sababu mkianza hiyo sheria siku ya mazishi ya tajiri itaonekana mnamlenga.